Mbaazi Chini ya Bega la Kushoto

Hadithi hii umewahi kusimuliwa ikiwa na kasri, malkia, na binti mfalme aliyelazwa juu ya rundo la magodoro kama mtu aliyetumwa kupaka dari rangi. Sina ugomvi na kasri. Ila maisha yamenikanda vya kutosha nikajua kwamba mtu anayekosa usingizi kwa ajili ya punje moja ya mbaazi hana tatizo la mbaazi. Hajachoka tu. Basi kasri tuwaachie wenyewe. Sogea, tuingie karakana.

Karakana yenyewe ilikuwa nyuma ya duka la rangi: chumba kirefu, dirisha moja, na pamba kila mahali. Pamba kwenye nyusi, pamba kwenye chai, pamba kwenye masikio ya paka, ambaye kwa sababu hiyo alikuwa haitiki hata umwite kwa samaki. Mwenye karakana alikuwa mjane mmoja mpana ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mgongo, na jina hilo hakulipata kwa kubeba mizigo. Alilipata kwa kulala.

Kila godoro lililoshonwa pale lililaliwa na Mama Mgongo kabla ya kutoka. Alivua viatu, akajilaza kwenye kitanda cha mbao katikati ya chumba, akafumba macho, na watu wote wakanyamaza kama wako kwenye mtihani. Kisha kidole kinanyooka: "Fungua hapa." Mwanawe, ambaye ndiye fundi wa kushona, anafumua mshono, anapekua, anatoa mbegu ya pamba, au kijiti cha kiberiti. Siku moja alisema, "Humu kuna kifungo cha shati, na shati lenyewe halikupigwa pasi." Kifungo kikatoka. Shati hatukuliona, lakini nani angebisha? Watu walitoka mitaa ya mbali kuja kununua magodoro yale. Pamba ni pamba tu, hata jirani anayo. Walichofuata ni ule mgongo uliotangulia kuyalalia.

Yaliyolaliwa yalipangwa mlangoni, yasiyolaliwa dirishani. Sheria ya nyumba ilikuwa hiyo tu. Ishike vizuri, itatuletea balaa sasa hivi.

Mwana wa Mama Mgongo aliitwa Sindano, kwa kazi na kwa umbo. Kijana mpole, mwenye mikono hodari na mdomo kama ameuweka rehani. Umri wa kuoa ulikuwa umefika, umekaa, umekunywa chai na kuanza kuangalia saa. Mama yake alitaka aoe. Ila hakutaka aoe yeyote.

"Nataka mkwe mwenye mgongo," alisema. "Sura inachuja kama kitambaa. Mapishi mtu anafundishwa. Mgongo unazaliwa nao."

"Wifi, unatafuta mke wa mwanao au unatafuta kipimajoto?" alidakia Shangazi. Huyu alikuwa dada wa marehemu mumewe, na kazi yake pale karakana ilikuwa kuwapokea wateja wanapoingia na kuwasema wakishatoka.

"Natafuta mtu wa kunirithi. Nikiondoka mimi, nani atalala?"

"Ukiondoka wewe, wifi, nitalala mimi. Tena mpaka saa nne asubuhi."

Basi Mama Mgongo alichukua godoro moja, akafumua mshono kidogo, akatumbukiza punje ya mbaazi kavu chini tu ya kitambaa, akashona. Kila msichana aliyeletwa na majirani alikaribishwa ajinyooshe kidogo, apumzike. Wa kwanza alilalamikia mto, akalalamikia feni, akalalamikia jogoo wa jirani na harufu ya rangi, mbaazi hakuigusia. Wa pili Shangazi alimwonea huruma akamnong'oneza siri mlangoni, na maskini wa watu akainuka amejishika kiuno, "Uwiii, hapa!", wakati mbaazi ilikuwa huko juu mabegani. Wa tatu alikuja na mama yake, na aliyelala akawa mama yake.

Wote walirudishwa kwao kwa heshima, kila mmoja na foronya mpya.

Sindano hakusikitika. Moyo wake ulikuwa umeshajilaza mahali, na mahali penyewe palikuwa na magurudumu. Alimpenda dereva wa lori la pamba.

Dereva, maana hata Sindano alimwita hivyo hivyo, alikuwa mwanamke mwenye mabega ya kufungulia milango na kicheko cha kuamsha mtaa. Alileta marobota ya pamba kutoka kiwandani. Siku hizo Sindano, fundi asiyekosea mshono, alianza kukosea kuhesabu marobota. Anahesabu, anasahau, anaanza upya. Dereva anakaa juu ya robota, anakunywa chai yenye pamba, anamwangalia.

"Fundi, kuhesabu hukufundishwa?"

"Nilifundishwa."

"Sasa?"

"Nikimaliza utaondoka."

Hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kumwambia mwanamke, na baada ya kuitoa alikwenda kujificha nyuma ya magodoro. Safari iliyofuata alimpa Dereva mto mdogo wa kukalia aliomshonea, kwa sababu spring ya kiti cha lori ilikuwa imechomoza. Dereva aliukalia, akapiga honi, akaondoka akiimba. Mambo mengine hayahitaji mshenga.

Tatizo lilikuwa moja. Dereva alikuwa analala popote. Alilala juu ya marobota akisubiri mzigo upakuliwe. Alilala ameegemea usukani. Wapagazi waliapa kwamba walimkuta kiwandani amelala juu ya nondo, tena anatabasamu.

"Mama," alisema Sindano siku moja, "Dereva usimpime."

"Kwa nini nisimpime?"

"Kwa sababu nampenda."

"Ndiyo maana nitampima," alisema Mama Mgongo. "Asiyependwa nimpimie nini?"

Siku ikafika, na ilikuja na mvua. Ilinyesha tangu alfajiri, barabara ikafunikwa na maji, na ilipokaribia saa saba mchana lori liliingia likikohoa. Dereva alishuka akiwa ameloa kama kitambaa cha deki. Alikuwa ametoka kulisukuma lori kwenye tope na hajalala tangu jana yake.

"Ooh, mwanangu!" Mama Mgongo alimpokea kwa sauti ya asali. Alimpa taulo, nguo kavu na chai ya moto. "Hebu jinyooshe hapa kidogo, mvua ipungue."

Sindano alifungua mdomo.

"Wewe, kapige pamba," mama yake alimwambia bila kugeuka.

Sindano akaenda uani chini ya kibanda, akachukua fimbo, akaipiga pamba mpaka ukafikiri imemkosea mtu.

Ndani, Dereva alijilaza kwenye godoro la mtihani, akageuka mara moja, akahema, akalala. Akakoroma. Zile sindano ndefu zilizochomekwa kwenye mto wa ukutani zikaanza kutetemeka. Shangazi aliacha kuwasema wateja akaja kutazama. "Wifi," alisema, "huyu hata ungemtilia gunia zima la mbaazi, angeziota."

Mvua ilipokatika Dereva aliamka, akajinyoosha mpaka mifupa ikaitika.

"Umelalaje, mwanangu?"

"Vizuri sana, mama. Mungu akupe heri."

"Hakuna kilichokusumbua? Hata kidogo?"

"Hakuna, mama. Nimelala kama mtoto wa tajiri."

Mama Mgongo akanyanyuka, akamfuata mwanawe uani. "Mgongo wa lori," alisema. "Pole, mwanangu."

"Nitamwoa hivyo hivyo," alisema Sindano, na fimbo ikamwanguka, kwa sababu hata yeye alijishangaa.

Mama yake hakufoka. Ingekuwa nafuu angefoka. Alikaa juu ya robota akaitazama mikono yake. "Mwoe. Ni mtu mwema, nimemwona. Lakini jua kwamba karakana hii itakufa siku nitakayokufa mimi. Baba yako na mimi tuliianza tukiwa na sindano moja tunapokezana. Sasa chagua, na sitakusema."

Ukitaka kumfunga mtu kamba asiyoweza kuikata, mwambie hutamsema. Sindano alirudi ndani kichwa chini.

Huko ndani kazi ilikuwa inaendelea. Magodoro yaliyoagizwa na Bibi wa Nyumba ya Wageni yalitakiwa yafike kabla ya jioni, maana alikuwa anapokea wageni wa harusi, na Dereva alikubali kuyapitisha njiani. Bibi huyu alikuwa na sifa zake. Aliwahi kumrudishia fundi mwingine mzigo mzima kwa ajili ya uzi mmoja uliochomoza, na habari ikafika sokoni kabla ya mzigo. Shangazi alisimamia upakiaji kwa mdomo, Dereva na Sindano wakapakia kwa mikono, hawatazamani. Turubai la lori lilipokuwa linafungwa, Mama Mgongo aliingia na mkasi mkononi.

"Lile godoro la mtihani liko wapi? Nataka kuitoa ile mbaazi. Basi, yameisha."

"Godoro lipi?" aliuliza Shangazi.

"Alilolalia huyu binti."

"Si limeshalaliwa?" alisema Shangazi. "Nimeona kwa macho yangu limelaliwa, tena likalaliwa barabara. Nikaliweka mlangoni na wenzake."

Mama Mgongo akautua mkasi.

"Mlangoni," alisema Mama Mgongo.

"Yaliyolaliwa mlangoni, yasiyolaliwa dirishani. Sheria ni yako, wifi, usinitolee macho mimi."

Wakayashusha yote. Kitambaa kile kile cha mistari ya buluu, unene ule ule. Hata mshono haukusaidia; Sindano alifundishwa kushona na mama yake, na mkono wa mmoja hukuweza kuutenga na wa mwingine. Shangazi alishauri liende tu, punje moja itamuua nani? Mama Mgongo alimtazama mpaka shauri lenyewe likaona haya.

"Godoro langu halitoki na kitu ndani. Lete la kwanza."

Alivua viatu. Akalala, akafumba macho. "Si hili." Likaletwa jingine. "Si hili." Jingine. "Si hili." Sindano analeta, Dereva anaondoa, Shangazi amebana midomo. Lililetwa la mwisho. Mama Mgongo alilala juu yake muda mrefu kuliko yote. Nje mtu alipita na baiskeli akipiga kengele.

"Mama?" aliita Sindano.

Hakuinuka. Alikuwa anaangalia dari.

"Sisikii," alisema.

"Tuyarudie?"

"Hata ukiyarudia. Sisikii, mwanangu. Ni muda sasa. Nilisema ni pamba ya siku hizi. Nikasema ni baridi. Ile mbaazi nilipoishona niliilalia mwenyewe kwanza, sikuisikia, nikajiambia labda nimeitumbukiza chini sana."

Methali ya mbaazi kukosa maua ikasingizia jua ilikuwa imeshafika kwenye ncha ya ulimi wa Shangazi. Wote waliiona pale. Lakini Shangazi, ambaye hakuwahi kuacha neno lipite bure, alilimeza. Aliinama akachukua viatu vya wifi yake, akavipangusa pamba, akaviweka karibu na miguu yake.

Dereva alikuwa amesimama na godoro begani, amesahau kulitua. "Samahani," alisema. "Mnatafuta nini hasa? Maana mimi nabeba tu."

"Punje ya mbaazi," alisema Sindano.

"Aaa. Ile ya chini ya bega la kushoto?"

Wote wakageuka. Hata paka aligeuka, na yule alikuwa hasikii.

"Uliisikia?" Mama Mgongo aliinuka akakaa.

"Niliisikia, mama. Nimelala juu yake."

"Mbona nilikuuliza ukasema hakuna kilichokusumbua!"

"Haikunisumbua." Dereva alitua godoro. "Mama, mimi nimelala juu ya nondo. Nimelala juu ya mabati, juu ya magunia ya saruji, na juu ya maneno ya watu, ambayo ndiyo magumu kuliko vyote. Leo mtu kanitoa kwenye mvua, kanipa nguo kavu, kanipa chai, kanipa godoro. Halafu niamke nimwambie, asante, ila kuna mbaazi? Nilijua imedondoka tu kutoka jikoni. Tena ilikuwa inanikanda pale pale ambapo kiti cha lori kinanimaliza."

"Na kukoroma kule?" aliuliza Shangazi.

"Nakoroma kwa raha, shangazi. Masikio yamelala, mgongo haulali. Dereva ambaye mgongo wake umelala hawezi kujua gurudumu limeanza kulegea."

Mama Mgongo alinyanyuka, akakipangusa kitanda kwa kiganja, akasogea pembeni. Hakuna aliyewahi kumwona akikiachia kitanda kile kazi ikiendelea. "Karibu," alisema.

Dereva alivua viatu. La kwanza hapana. La pili hapana, "ila humu kuna mbegu, kiunoni". Sindano akafumua: mbegu. La tatu hapana. Wakaendelea, na Mama Mgongo akawa anamtazama usoni jinsi unavyotazama maziwa yaliyo jikoni. Kisha Dereva alijilaza juu ya jingine, akatabasamu macho yakiwa yamefumba.

"Shikamoo mbaazi," alisema. "Hii hapa."

Mkasi ukaingia, punje ikatoka, kavu na ndogo. Mama Mgongo aliishika kwenye kiganja akaigeuza. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga waliliona hilo wakiwa hata magodoro hawana.

"Mwanangu," alisema, "mgongo unao. Kilichopungua ni mdomo. Kazi hii si kusikia tu. Ni kusikia na kulalamika."

"Kulalamika nitajifunza, mama. Nikiolewa na huyu sababu zitapatikana."

Shangazi alicheka mpaka akashika kaunta. Sindano naye alianza kucheka, halafu akaona Dereva hacheki. Alikuwa amevaa viatu, anafunga kamba taratibu.

"Kwa hiyo nilikuwa napimwa," alisema.

Akamgeukia Sindano.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua," alisema Sindano.

"Ukafanya nini?"

"Nilipiga pamba."

"Ukapiga pamba."

"Nilipiga sana," alisema Sindano, na akaona mwenyewe kwamba jibu hilo halimfikishi popote. Akautoa mdomo rehani. "Nilikosea. Ningekuja kukuambia, hata kwa kelele. Lakini mama aliposema umeshindwa nilimwambia nitakuoa hivyo hivyo. Muulize. Ungelala juu ya pasi ya moto ukakoroma, ningekuoa."

Dereva alimgeukia Mama Mgongo.

"Alisema," Mama Mgongo alikiri. "Hata fimbo ilimwanguka."

"Haya," alisema Dereva. "Mmenipima, nami nitapima. Fundi, panda lori. Twende tukapeleke mzigo."

"Nipande tu?"

"Upande ukae. Ila mto wangu naukalia mimi. Upande wa abiria nao una spring yake."

Magodoro yakarudi chini ya turubai, na lile la mtihani likiwa limeshonwa upya. Lori likaondoka. Barabara baada ya mvua ile ilikuwa mashimo yanayounganishwa na mashimo mengine. Sindano alivumilia shimo la kwanza. Alivumilia la pili. Kwenye la tatu alisema, "Spring hii imelegea upande wa kulia, na huyu aliyeziba hapa alitumia uzi wa viatu. Nani alikushonea upuuzi huu? Kesho nitaung'oa wote." Akaendelea kulalamika hivyo mpaka kwa Bibi wa Nyumba ya Wageni: kiti kibovu, kitambaa kibovu, huwezi kumwacha mtu asafiri siku nzima juu ya kitu kama hiki, mtu mwenyewe ana mgongo wa thamani.

Dereva aliendesha akiangalia mbele, na kila walipokaribia shimo alipunguza mwendo, kitu ambacho lori lile halikuwa limewahi kufanyiwa.

Bibi wa Nyumba ya Wageni alilalia godoro moja moja, akitafuta la kusema. Hakupata. Ilimuuma sana.

Waliporudi, jua lilikuwa bado lipo kidogo. Mama Mgongo alikuwa amekaa mlangoni akijifanya anachambua pamba.

"Amefaulu?" aliuliza.

"Amelalamika njia nzima," alisema Dereva.

"Ooh. Amefeli."

"Mama, amelalamika kwa ajili yangu. Mimi sijawahi kulalamikiwa hivyo tangu nizaliwe."

Basi wakaoana, bila tarumbeta. Dereva hakuliacha lori, na asiyependa hilo aliambiwa akaendeshe yeye. Akiwa safarini magodoro yalimsubiri dirishani. Akirudi, anavua viatu, analala. Mwanzoni kulalamika kulimshinda kweli. Alilala akasema, "Zuri, mama, asante," na Mama Mgongo akagonga kitanda kwa fimbo ya pamba: "Mkwe! Sikukuita unishukuru! Rudia!" Akarudia, akafikiri, akasema kwa aibu kwamba labda, kama si usumbufu, kuna kijiti karibu na goti. Siku hizi haombi radhi. Juzi alimwambia mama mkwe wake kwamba chai imezidi pamba, na Mama Mgongo akaenda kuwasimulia majirani, nyumba kwa nyumba, jinsi mkwe wake anavyojua kusema.

Mama Mgongo mwenyewe bado analalia magodoro, mchana, baada ya kula. Hatafuti kitu. Analala tu.

Na ile mbaazi? Katika kasri wangeiweka kwenye kabati la kioo, watu wapange foleni kuitazama. Shangazi aliikuta kaunta, akaitumbukiza kwenye sufuria pamoja na wenzake. Ikaliwa, na hakuna aliyejua ni nani aliyeila, kwa sababu tumbo halina mgongo.